Picha ya Mtaani Huanzia Kwenye Saa ya Maji

Wengi hudhani picha nzuri ya mtaani ni bahati, au wepesi wa kidole. Siri yake hasa ni kujua mapema tukio litatokea wapi na saa ngapi.

Kiongoroni, katika delta ya Rufiji wilayani Kibiti, mtaa ni maji. Watu na mizigo hupita kwa mitumbwi na boti katikati ya mikoko, na ratiba yao hupangwa na bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa takriban dakika 50. Ukiijua saa ya maji kujaa, umeijua saa ya watu kushuka.

Basi fika kabla ya boti. Chagua mahali penye nafasi na mwanga, kisha subiri mtu aingie. Mama anashuka: mkono mmoja umeshika ndoo kichwani, mwingine umepandisha kanga isiguse tope, mguu ungali hewani. Hapo ndipo penye picha; akishakanyaga, imekwisha. Kwa kamera, weka kasi ya shata isiyopungua 1/500 ya sekunde. Kwa simu, piga mfululizo, kisha chagua moja.

Kikwazo kikubwa ni mng'ao. Anga na maji huidanganya kamera, ikapunguza mwanga, na uso wa mtu ukatoka mweusi ti. Gusa uso huo kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga. Jua la saa sita mchana nalo likwepe, maana hutia kivuli machoni.

Hata hivyo, weusi huo unaweza kuwa ndio picha yenyewe. Karibu mwaka 1930 Martin Munkácsi, mpiga picha Mhungaria, aliwapiga picha wavulana watatu wakikimbilia mawimbi, picha ambayo kwa miaka mingi imetajwa kuwa ya Ziwa Tanganyika. Nyuso hazionekani, ni miili myeusi mbele ya povu jeupe, na furaha yote imo kwenye mikono na miguu. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, bingwa wa picha za mtaani, alisema ndiyo iliyomwasha moto.

La mwisho ni adabu. Ukifika, salimia na ueleze unachofanya. Watoto waombee ruhusa kwa wazazi wao. Ukishapiga, mwonyeshe picha mhusika. Akikataa, ifute mbele ya macho yake. Boti nyingine itakuja na maji ya kesho.