Mtoto ana disleksia na imla inamshinda: Uchague programu gani ya tahajia nyumbani?

Chukulia wewe ni mzazi, uko Ole, Pemba. Mtoto wako yuko darasa la tatu na kila siku ya imla anarudi analia. Akiambiwa aandike "karafuu" anaandika "kafu", na karafuu anaziona kila msimu zimeanikwa mlangoni. Skuli wanasema mvivu. Jirani anasema kichwa kizito. Ukiingia mtandaoni unaambiwa kuna programu ya Kimarekani, lipa tu mtoto atanyooka.

Usilipe bado. Soma hapa kwanza.

Disleksia ni nini hasa?

Si ugonjwa, wala si ujinga. Mtoto anasikia vizuri, anasimulia hadithi vizuri, hesabu za kichwa pengine anawashinda wenzake. Kinachomtatiza ni kulikata neno vipande vya sauti na kuzipanga herufi zake. Mara nyingi hali hii inakwenda kwenye damu. Ukiulizia utasikia ami au mjomba naye aliteseka hivyo hivyo skuli.

Kabla ya yote, mpeleke hospitali akapimwe macho na masikio. Kuna mtoto anayeitwa mzito kumbe haoni ubao.

Mbona Kiswahili ni rahisi kuandika?

Ndiyo, kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Lakini rahisi kwako si rahisi kwa kila mtu. Mwaka 2003 watafiti Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha utafiti kuhusu makosa ya tahajia ya Kiswahili, na kichwa chenyewe cha utafiti huo kinasema kujifunza kuandika lugha yenye tahajia ya moja kwa moja si jambo dogo.

Kwenye lugha za aina hii, mtoto mwenye disleksia anaweza kusoma kwa usahihi ila polepole sana, na kwenye kuandika anaendelea kukosea. Kwa Kiswahili, angalia hasa sehemu hizi:

- Herufi zinazokaa pamoja: mb, nd, ngw. "Mbwa" inakuwa "bwa".
- Sauti zinazokaribiana: ng na ng' (ngoma, ng'ombe), dh na z, th na s, l na r.
- Maneno marefu. "Walipozianika" ni neno moja lenye silabi saba: wa-li-po-zi-a-ni-ka. Mtoto anaruka mbili, au analikata katikati kama maneno mawili.

Lakini usichanganye disleksia na lahaja. Mtoto akiandika neno kama linavyosemwa kwenu Pemba, masikio yake yanafanya kazi sawasawa. Kiswahili cha vitabuni kilijengwa juu ya Kiunguja. Mwonyeshe tu linavyoandikwa kitabuni, usimgombeze.

Programu za Kiingereza je?

Nyingi zimetokana na njia ya daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham wa Marekani, iliyoanza kutumika miaka ya 1930. Msingi wake ni mzuri: fundisha sauti moja moja kwa mpangilio, na mtoto aone, asikie, atamke na aandike kwa wakati mmoja. Barton, inayotumiwa sana na wazazi wanaosomesha nyumbani kule, ina ngazi 10, na kila ngazi inauzwa peke yake kwa mamia ya dola.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya masomo hayo ni kanuni za Kiingereza: kwa nini "knife" ina k isiyotamkwa, kwa nini "night" ina gh. Mtoto anayeshindwa na "mbwa" hilo halimsaidii. Utakuwa umenunua dawa ya mguu kwa mtu anayeumwa jino.

Kiingereza kitakuja. Kwa Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006, hesabu na sayansi zilipangwa kufundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Ndiyo maana Kiswahili kikae imara kwanza, halafu Kiingereza kifundishwe peke yake, polepole, na visichanganywe ndani ya somo moja.

Za Kiswahili zipo?

Zipo. Chuo Kikuu cha Jyväskylä cha Finland kilianzisha GraphoGame, mchezo ambao mtoto anasikia sauti kisha anachagua herufi yake, na toleo la Kiswahili limewahi kutengenezwa.

Pia kuna Kitkit School na onebillion, zilizoshinda pamoja shindano la Global Learning XPRIZE mwaka 2019 na kugawana dola milioni 10. Zilijaribiwa kwa Kiswahili kwenye vijiji vya Mkoa wa Tanga, ng'ambo tu ya bahari kutoka Pemba. Ila ujue, zilitengenezwa kwa watoto wasiojua kusoma kwa jumla, si kwa disleksia peke yake.

Maswali matano kabla ya kulipa au kumaliza bando

1. Inafundisha kwa Kiswahili, na sauti zake zinatamkwa na Mswahili?
2. Inaanza na sauti na silabi, au inamkaririsha maneno mazima? Kama ni kukariri tu, achana nayo.
3. Mtoto anaandika mwenyewe, au anabonyeza tu? Kubonyeza jibu si kuandika.
4. Inamruhusu kurudia bila saa inayomkimbiza?
5. Inafanya kazi bila intaneti?

Ikikosa la kwanza au la pili, hata ikiwa bure ni hasara. Itakula muda wa mtoto.

Bila simu je?

Inawezekana kabisa. Kata boksi vipande, andika silabi moja kwa kila kipande. Anza na a, e, i, o, u. Kisha ma, ba, ta. Zikikaa, nenda mb, nd, ng. Mwisho ndiyo ng', dh, th, gh, mw, ngw.

Sema neno, mtoto apige kofi kwa kila silabi, apange vipande, kisha aandike kwa kidole kwenye mchanga huku anatamka, halafu kwenye daftari. Ka-ra-fu-u: makofi manne, vipande vinne. Kama kameza silabi ataiona mwenyewe, pengo liko wazi.

Dakika 15 kwa siku zinatosha. Zanzibar elimu ya msingi ni ya lazima, kwa hiyo haya ni ya kufanya baada ya skuli na chuoni, si badala yake. Akirudi kachoka, mwache ale na apumzike kwanza.

Zungumza na skuli

Chukua madaftari yake, nenda kamwone mwalimu. Omba mambo madogo: muda zaidi kwenye imla, asisomeshwe kwa sauti mbele ya wenzake bila kujiandaa, na asipigwe kwa kosa la tahajia. Wizara ya Elimu Zanzibar ina Kitengo cha Elimu Mjumuisho. Mwombe mwalimu akuelekeze.

Baada ya wiki nane, mpe imla ya maneno yale yale 20 ya siku ya kwanza, kisha weka kurasa mbili pembeni kwa pembeni. Makosa yakipungua, endelea na njia hiyo, hata kama ni ya maboksi. Yasipopungua, badilisha njia. Usimlaumu mtoto.