Maiki ya Kuongoza Densi: Ijaribu Kabla ya Kulipa

Katika sherehe za Eastlands, kuanzia Kaloleni hadi Umoja, mfawidhi ndiye huwapanga watu msururu wa mugithi na kuwaelekeza wageuke lini. Maiki ikikatika, msururu huvunjika na wageni hurudi vitini. Kwa vijana wanaotegemea kazi hii, huenda wasiitwe tena. Kabla ya kununua maiki isiyo na waya, wakazi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo.

Kuchelewa kwa sauti: Maiki zinazotuma sauti kwa spika kupitia bluetooth huichelewesha kidogo. Kwenye hotuba si neno, lakini kwenye densi agizo hufika mdundo ukiwa umepita. Maiki ya UHF ya analogi haina tatizo hili. Dukani, iwe ni Luthuli Avenue au mtaani, hesabu kwa sauti ukifuata wimbo. Sauti ya spika ikibaki nyuma ya mdomo wako, iache.

Masafa: Kenya ilipohamia televisheni ya kidijitali mwaka wa 2015, masafa ya megahezi 700 na 800 yalielekezwa kwa mitandao ya simu. Maiki ya mitumba inayotumia masafa hayo inaweza kuingiliana na simu. Soma namba iliyoandikwa kwenye kifaa, na uulize iwapo kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Umati: Miili ya watu hufyonza mawimbi. Umbali ulioandikwa kwenye boksi ni wa mahali peupe, si ukumbi uliojaa. Weka kipokezi juu ya usawa wa vichwa, na usifunike sehemu ya chini ya maiki kwa kiganja, kwani mara nyingi antena iko hapo.

Mlio mkali: Chagua maiki inayonasa zaidi sauti ya mbele. Usiifumbate kichwani, na usisimame mbele ya spika.

Betri: Anza kila sherehe na betri mpya au zilizojaa chaji, na uwe na za akiba.

Hatimaye, majirani wakumbukwe. Kanuni za kitaifa za kelele za mwaka wa 2009 hupunguza kiwango kinachoruhusiwa katika makazi kutoka desibeli 50 mchana hadi 35 baada ya saa mbili usiku. Waandaaji wanahimizwa kutafuta kibali mapema na kuelekeza spika ndani ya ukumbi.