Ampia Mbili Haziunguzi Bodi

"Mwalimu shikamoo. Nimepata adapta ya volti 5, ampia 2, ila bodi yangu inatumia miliampia 80 tu. Si itaungua?"

Ujumbe huo uliniingia Jumatatu usiku. Kabla wiki haijaisha likaja swali lile lile kutoka kwa kijana wa Nairobi anayejifunza peke yake. Alikwenda Luthuli Avenue, akanunua ESP32 kwa pesa alizoziweka kidogo kidogo, kisha bodi ikakaa siku nne ndani ya boksi. Kompyuta anayo, chaja ya simu anayo, hamu anayo. Kilichomzuia ni mtu aliyemwambia kwamba chaja hiyo "ina ampia nyingi, itaikaanga." Siku nne nzima za mwanafunzi zimeliwa na uvumi. Nimeshalijibu swali hili darasani, kwa simu na barabarani, na leo nalijibu kwa urefu.

Haitaungua. Adapta iandikwe ampia 2, ampia 3 au hata ampia 10, maadamu volti zake ni 5 za kweli, haina namna ya kuilazimisha bodi imeze mkondo isioutaka. Tarakimu ile ya ampia ni kikomo cha uwezo wa mtoaji: akitakiwa atoe mpaka hapo atatoa bila kulegea, akitakiwa zaidi ya hapo atashindwa. Kiasi kinachopita kwenye waya huamuliwa na kile ulichokichomeka, kulingana na volti kinazopewa na ukinzani wake. Georg Ohm, aliyekuwa mwalimu wa shule mjini Cologne, aliichapisha hesabu hiyo mwaka 1827.

Anayetaka ushahidi asitoke nyumbani. Soketi ya ukutani, hii yetu ya matundu matatu, inaweza kutoa ampia 13. Asubuhi umechomeka pasi ya wati 1,000, ikavuta ampia zaidi ya 4. Umeichomoa, ukachomeka chaja ndogo ya simu ya wati 5, ambayo haivuti hata sehemu ya kumi ya ampia moja. Ukuta ni ule ule na umeme ni ule ule. Mbona chaja haikuyeyuka? Nenda kwenye gari. Betri yake hutoa mamia ya ampia starta inapozungusha injini, na betri hiyo hiyo, kwa volti zile zile 12, huwasha kibalbu kidogo cha dashibodi. Ampia zingekuwa kitu cha kusukumwa, kibalbu kile kisingemaliza dakika moja. Tena kuna jambo walilokutana nalo wote waliowahi kuendesha saketi ndogo kwa pawabenki: mradi unawaka, muda kidogo unazima wenyewe. Pawabenki nyingi hupima mkondo unaovutwa, na zikiona ni mdogo mno huhesabu kwamba simu imejaa, zinafunga. Chombo kinachosukuma kingekuwa na haja gani ya kupima kinachovutwa?

Imani hii ina chimbuko, nami nalijua. Ni taa ya LED. Somo la kwanza la kila anayeanza ni LED na rezista, na maelezo anayopewa ni kwamba rezista inapunguza ampia ili taa isiungue. Kwa LED maneno hayo ni sahihi. Makosa huanza mtu anapoyabeba na kuyatandaza juu ya kila kifaa. LED nyekundu hufanya kazi kwenye volti kama 2. Chini ya hapo haipitishi mkondo wa maana, na ukipita hapo kidogo tu mkondo unapaa, kwa sababu LED haijui kujizuia. Ukiiunga kwenye volti 5, kuna volti 3 zisizo na mwenyewe, na rezista ndiyo inayozibeba. Gawa 3 kwa omu 220, unapata takribani miliampia 14: taa inawaka vizuri, na pini ya Arduino Uno, ambayo haifai kutwishwa zaidi ya miliampia 20, iko salama. Sasa tazama tatizo lilikuwa nini hapo. Kifaa cha volti 2 kiliwekwa kwenye volti 5. Tatizo lilikuwa volti. Bodi yako imeandikwa 5V, na adapta yako imeandikwa 5V. Hakuna kilichozidi cha kubebwa na rezista yoyote.

Wengine hunijia na ushahidi wa bodi iliyoungua kweli. Hao huwa nawaomba kitu kimoja: nileteeni adapta yenyewe. Mwaka huu nimeletewa tatu. Mbili zilikuwa za ving'amuzi vilivyokufa, volti 12 na ampia 1.5. Mwenyewe amekata kichwa cha waya, ameunga moja kwa moja kwenye pini ya 5V, moshi umetoka, kisha amesoma lebo na jicho lake limetua kwenye 1.5A. Hukumu ikatoka hapo hapo: ampia zilizidi. Tarakimu iliyoiua bodi ilikuwa sentimita moja pembeni, 12V, na hakuiona kwa sababu alifundishwa kuogopa nyingine. Adapta ya tatu ilikuwa ya zamani, nzito, yenye transfoma ndani, imeandikwa volti 6. Niliipima ikiwa haina mzigo, ikanionyesha 9 na ushee. Adapta za namna ile hazina kidhibiti cha volti, kwa hiyo zikikaa bila kazi volti zake hupanda juu ya kilichoandikwa. Chipu ya Uno, ATmega328P, kikomo chake cha mwisho kabisa ni volti 6. Bodi tatu zimekufa, na zote tatu zimeuawa na volti.

Nikija kwenye tiba inayouzwa pamoja na hofu hii, uvumilivu wangu unaisha. "Weka rezista kwenye waya wa chanya upunguze ampia." Hofu peke yake humchelewesha mtu. Tiba hii humharibia kazi, na humharibia kwa namna ambayo hawezi kuiona.

Tufanye hesabu. Chukua ESP32, weka rezista ya omu 10 kwenye njia ya chanya. Bodi ikiwa imetulia, tuseme inavuta miliampia 50: rezista inakula nusu volti, zinabaki 4.5. Bodi inawaka, kitaa chake kinang'aa, mwenye nayo anafurahi kwamba tiba imefanya kazi. Kisha programu inawasha Wi-Fi. Wakati wa kurusha mawimbi chipu hii hufika miliampia 240. Zidisha kwa omu 10, ni volti 2.4 zimepotelea kwenye rezista, na kilichoifikia bodi ni 2.6. Regyuleta iliyo kwenye bodi nyingi za aina hii inataka zaidi ya volti 4 iingizwe ili iweze kutoa 3.3. Chipu inagundua kwamba inazimia, inajizima na kuanza upya. Inafika kwenye Wi-Fi, inazimia tena. Kwenye skrini ya kompyuta unatokea mstari wenye neno Brownout, unajirudia kila baada ya sekunde chache, na anayeanza hana habari kwamba neno hilo linamaanisha umeme umepungua. Rezista ile haikuondoa ampia za ziada, maana hazikuwapo. Ilikula volti, na ilizila nyingi zaidi katika dakika ile ile bodi ilipozihitaji.

Hapo ndipo ninapoumia, maana mwanafunzi hamshuku rezista. Rezista ameambiwa ni kinga. Anajishuku mwenyewe. Anarudi kwenye programu, anafuta mistari, anabadilisha maktaba, anapakia upya, analala saa nane usiku. Binti mmoja alifika darasani kwangu baada ya wiki tatu za namna hiyo, programu yake ameiandika upya mara sita na kila toleo amelihifadhi kwa tarehe. Tuliitoa rezista, tukachomeka chaja ya kawaida ya ampia 2, kisha nikamwomba apakie toleo la kwanza kabisa. Lilikimbia bila kuguswa. Alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na kwa wiki tatu aliamini kwamba hana akili ya kazi hii. Yeye alirudi. Wapo waliouza bodi zao na kuondoka, na nina hakika baadhi yao walikuwa wameandika programu nzuri.

Imani hii ina tawi jingine, nalo huua mita. Mtu anayedhani ampia zimejaa ndani ya adapta kama maji kwenye ndoo hutaka kuzipima zilizomo. Anahamishia waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la 10A, anagusisha ncha mbili kwenye chanya na hasi za adapta au, Mungu apishe mbali, za betri. Mita iliyowekwa kwenye ampia haina tofauti kubwa na kipande cha waya, kwa hiyo amepiga shoti kwa mkono wake. Zile mita za njano za bei rahisi mara nyingi hazina hata fyuzi kwenye tundu hilo, na zimeandikwa hivyo hapo hapo usoni. Volti hupimwa kwa kugusa pande mbili. Ampia hupimwa kwa kuikata njia na kuiweka mita katikati, kifaa kikiwa kinafanya kazi, kwa kuwa bila kifaa kinachovuta hakuna ampia za kupima.

Kuna mahali ampia nyingi ni hatari kweli, na sitapaficha. Ni kwenye shoti. Chanya ikigusana na hasi, ukinzani unakaribia sifuri, na hapo mtoaji hutoa kila alichonacho. Adapta nzuri ya USB itajizima. Seli ya lithiamu ya 18650 isiyo na kinga, au betri ya pikipiki, itaufanya waya uwe mwekundu kama kaa. Kinga yake ni fyuzi, iwekwe karibu kabisa na chanya ya betri.

Sasa ya kununua na ya kufanya, kwa haraka. Kwa asiyejua lolote, Arduino Uno: ni ya volti 5, inavumilia makosa, na mifano yake imejaa kila mahali. Anayetaka kuandika kwa MicroPython achukue Raspberry Pi Pico, iliyotoka mwaka 2021 kwa dola 4. Anayetaka Wi-Fi achukue ESP32. Hizi mbili za mwisho pini zake ni za volti 3.3, kwa hiyo sensa inayorudisha volti 5 usiiunge moja kwa moja. Umeme ni chaja ya simu ya volti 5, ampia 1 au zaidi. Chaja inayochaji haraka haina neno, kwani huanza na volti 5 na haipandishi mpaka kifaa kiombe, na bodi yako haiombi. Poti ya USB 2.0 ya kompyuta ni ya miliampia 500, inatosha kujifunzia lakini servo mbili zitaishinda. Kama kompyuta haiioni bodi, badilisha kebo kwanza, maana nyingi zina nyaya za kuchajia tu. Bodi yenye tundu la USB-C ikikataa kuwaka kwa kebo ya C kwa C, jaribu yenye kichwa cha zamani kipana upande wa chaja. Mita nunua siku ile ile unayonunua bodi, na kila adapta ya kuokota uipime volti kabla ya kuichomeka.

Betri ya mraba ya volti 9 usiinunue kwa kazi za mota, huchoka upesi na volti zake huanguka mota inapoanza. Tundu la duara la Uno linapendelea volti 7 mpaka 12, lakini ukilipa 12 na kuvuta miliampia 200, regyuleta inageuza wati 1.4 kuwa joto, usishangae ikikuchoma kidole. Servo na mota zipate umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye adapta, pini ya bodi itoe ishara tu, na hasi zote ziungwe pamoja, la sivyo ishara haitaeleweka. Mota ya kawaida ipitie kwenye transista, na iwekewe dayodi kama 1N4007 ya kuzuia mrudio wa umeme inapozimwa.

Relei ijaribu kwa balbu ya pikipiki ya volti 12. Volti 230 za ukutani usiziguse mpaka awepo fundi mwenye leseni, amesimama pembeni yako, na swichi kuu amekwisha kuizima yeye mwenyewe.