Kuomba viza ukiwa ng'ambo ya ziwa

Mtu wa Baraka, huko Fizi mashariki mwa Kongo, anayetaka viza ya kwenda kutembea Ulaya huambiwa aende Kinshasa, upande wa pili wa nchi, safari ngumu mno bila ndege. Kigoma, Tanzania, iko ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, na kutoka hapo reli inafika hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200. Basi wafanyabiashara wa Fizi wanaovuka kufuata bidhaa huuliza: maadamu nimeshafika Tanzania, siwezi kuomba viza hukuhuku?

Kwa nchi za Schengen, inawezekana kwa masharti. Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009, ibara ya 6, inataka uombe katika nchi unayoishi kihalali. Lakini inaruhusu ubalozi kupokea ombi la mtu asiye mkazi, mradi yupo hapo kihalali na ameeleza kwa nini hakuombea kwao.

Uhalali huo huanzia Kibirizi, gati la maboti ya Kongo pale Kigoma. Abiria anayeshuka na mzigo wake akapanda moja kwa moja sokoni, bila kupita uhamiaji, hana muhuri wa kuingia, na pasipoti isiyo na muhuri haimsaidii kitu ubalozini. Karatasi ya kuvukia mpaka nayo haitoshi, kwa sababu viza hubandikwa kwenye pasipoti: iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa mbili tupu.

Kuhusu sababu, kusema tu kwamba Kinshasa ni mbali ni hoja dhaifu, ingawa ni kweli tupu. Barua ya mafunzo, karatasi za matibabu au stakabadhi za biashara uliyoijia Tanzania zina nguvu zaidi.

Tatizo ambalo wengi hawalioni mapema ni siku. Ubalozi una siku 15 za kuamua, na unaweza kufikisha 45. Muda huo pasipoti huwa mikononi mwao, huku siku zako za kukaa Tanzania zikizidi kupungua. Zihesabu kabla ya kulipa ada, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudishwi ukikataliwa.

Uingereza ina masharti nafuu: anayekwenda kutembea anaweza kuombea nchi yoyote yenye kituo chao cha viza. Marekani imebana. Tangu Septemba 2025 inawataka waombaji wa viza za matembezi waombee nchi ya uraia wao au wanakoishi.

Ndugu zetu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wana hali tofauti. Mkimbizi anayechukua pasipoti ya Kongo kwa hiari anaweza kuhesabiwa kuwa amerudi chini ya ulinzi wa nchi yake, na hadhi yake ikakoma. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unampa hati yake ya kusafiria; aulizie hiyo kwanza.

Wewe uliye Baraka na una safari kichwani, beba mapema nakala halisi za cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, barua ya mwajiri na taarifa za benki. Ofisa wa Dar es Salaam atataka kuona kinachokurudisha nyumbani, na karatasi zilizobaki Fizi hazitakutetea.