Inhela ya unga: Pumzi yako ndiyo inayoifikisha dawa

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Unyanyembe, penye mji wetu wa Tabora. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika njia nzima kwa kubeba vitambaa wakielekea bara na pembe za ndovu wakirudi pwani. Kazi ya mpagazi haikuhesabiwa kwa uzito wa mzigo, bali kwa mzigo kufika. Kanuni hiyo hiyo imo ndani ya kifaa kidogo ambacho baadhi ya wagonjwa wa pumu hukiweka mfukoni: inhela ya unga.

Pumu si ugonjwa mdogo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa nayo, na 455,000 walifariki kwa sababu yake, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Katika mkoa wetu, vumbi la kiangazi, moshi wa kuni jikoni na moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku ni mambo yanayoweza kumwamshia mgonjwa kifua. Ndiyo maana inasikitisha kuona mtu ana dawa mkononi, lakini haimfikii.

Inhela ziko za namna mbili kuu. Ya kwanza hupuliza dawa kwa nguvu ya gesi. Ya pili, yaani ya unga, haina gesi wala nguvu yake yenyewe. Pumzi ya mgonjwa ndiyo inayoichukua dawa. Hapa ndipo palipowapa taabu wabunifu. Ili unga uingie ndani ya mapafu, chembe zake zapaswa kuwa na upana wa baina ya mikroni 1 na 5. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe kubwa zaidi hugonga koo na kubaki huko; zilizo ndogo mno huweza kutoka tena pamoja na pumzi.

Lakini unga laini kiasi hicho hugandamana, haumiminiki wala haupimiki kwa urahisi. Suluhisho lililopatikana ni kuuchanganya na chembe kubwa za laktosi, yaani sukari ya maziwa. Laktosi ndiyo mpagazi. Mgonjwa anapovuta pumzi kwa nguvu, upepo huzunguka ndani ya kifaa na kuibandua dawa kutoka kwenye laktosi. Dawa huendelea na safari hadi mapafuni, na mpagazi hubaki kooni. Ule utamu ambao baadhi ya wagonjwa huuhisi mdomoni ni wa laktosi hiyo.

Miongoni mwa waanzilishi wa vifaa hivi alikuwa Daktari Roger Altounyan, aliyezaliwa Syria mwaka 1922, naye mwenyewe akiugua pumu. Kwa miaka mingi alijijaribia dawa katika mwili wake, zikiwamo zilizotokana na utafiti wa mmea wa khella, uliotumiwa tangu zamani katika tiba za Misri. Kwa kuwa alikuwa amefundisha urubani, alibuni inhela yenye panga ndogo mfano wa panga za ndege, ambayo huzungusha kapsuli ili unga utoke.

Kutokana na ubunifu huo, ndugu msomaji, yapo mambo ya kuzingatia nyumbani. Kapsuli ya inhela haimezwi; hutobolewa ndani ya kifaa. Toa pumzi kwanza, uso ukiwa mbali na kifaa, kwani unyevu wa pumzi hugandisha unga. Kisha ziba midomo barabara, vuta kwa nguvu na kwa kina tangu mwanzo, na uzuie pumzi kwa sekunde 10 hivi. Ukivuta polepole, mpagazi hatui mzigo, na dawa huishia tumboni. Kama dawa ina steroidi, sukutua na uteme maji. Weka kifaa mahali pakavu.

Mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka 5, hana pumzi ya kutosha kwa inhela ya unga. Yeye hufaa kupewa ya gesi kupitia chombo cha kati. Mwaka 1999, Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionesha kuwa hata chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotengenezwa vizuri huweza kufanya kazi hiyo. Na yeyote anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi apelekwe hospitali mara moja.

Linabaki suala la Ramadhani. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz na Sheikh Muhammad bin Uthaymin waliona kuwa inhela ya gesi haibatilishi saumu. Ama kapsuli za unga, Sheikh Ibn Uthaymin alizitenga, kwa kuwa unga huchanganyika na mate na kufika tumboni. Wapo pia wanazuoni walioona kuwa namna zote mbili hubatilisha. Muulize sheikh wako na daktari wako kabla ya mwezi kuandama. Dawa ya kinga inayotumika mara mbili kwa siku mara nyingi huweza kupangwa wakati wa daku na baada ya futari. Na ikiwa kifua kimebana mchana, mgonjwa asiifiche dawa kwa haya: Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

Basi kabla ya kusema dawa haifai, chukua kifaa chako uende nacho kliniki, ukitumie mbele ya muuguzi, naye aangalie jinsi unavyovuta. Huenda dawa ni ile ile inayokufaa, ila bado haijafikishwa.