Fahamu: Mji uliowapandia miti askari wake

Tarehe 10 Agosti 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa bado inapiganwa, wakazi wa Bacchus Marsh, mji mdogo wa wakulima magharibi ya Melbourne nchini Australia, walijipanga kando ya barabara iendayo Ballarat. Tarumbeta ilipolia, miti 281 ilipandwa kwa pamoja, kila mmoja ukiwa na kibao cha jina la mtu wa eneo hilo aliyejiunga na jeshi.

Kwa nini miti? Waaustralia wapatao 60,000 walikufa katika vita hivyo, na maiti zao hazikurudishwa. Walizikwa Gallipoli, Ufaransa, Ubelgiji na kwingineko, safari ya wiki nyingi baharini ambayo familia nyingi zisingeimudu. Mama aliyefiwa hakuwa na kaburi la kuzuru. Hapa, angalau, aliweza kusimama mbele ya jina la mwanawe na kuligusa.

Linalonigusa zaidi ni kwamba waliorudi salama nao wana miti yao. Askari hao walijitolea wenyewe. Katika kura za maoni za 1916 na 1917, wananchi walikataa vijana kulazimishwa kwenda kupigana ng'ambo. Kwa hiyo kuitika tu kulistahili heshima, na ndiyo maana kumbukumbu nyingi za Australia huorodhesha hata walionusurika.

Miti hiyo sasa imekutanisha matawi juu ya barabara. Mwaka 2011, mpango wa kujenga mzunguko wa magari ulipotishia baadhi yake, wakazi waliandamana kuitetea.