Mawakala wa kuandika programu: Wingi si faida

WAFANYABIASHARA wadogo wa Mkolani na sehemu nyingine za Mwanza wanaohitaji programu ya kompyuta ya kutunza hesabu za stoo, mauzo na madeni, kwa muda mrefu walikuwa na njia mbili: kununua iliyo tayari au kumlipa mtaalamu awaandikie. Sasa ipo njia ya tatu, nayo ni kukodi akili mnemba iiandike.

Huduma hiyo huuzwa kwa jina la wakala. Huyu si wakala wa kuweka na kutoa fedha kwa simu. Ni programu inayopewa kazi kwa maneno ya kawaida, ikaandika msimbo, ikaujaribu, ikasahihisha makosa na kurudisha kazi kwa mwenyewe. Mteja mmoja anaweza kuendesha mawakala kadhaa kwa wakati mmoja, kila mmoja na kazi yake. Hapo ndipo linapozuka swali linalogusa mfuko: akodi wangapi, na nani afanye nini?

GHARAMA HUTANGULIA

Matumizi ya mawakala hupimwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo akili mnemba husoma na kuandika. Mwezi Juni 2025 kampuni ya Anthropic ya Marekani, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wa huduma hizi, ilieleza kwamba katika mifumo yake wakala mmoja hutumia tokeni takriban mara 4 ya mazungumzo ya kawaida, na timu ya mawakala takriban mara 15.

Kwa hesabu ya dukani, kazi ambayo ingekula sh. 20,000 kwa mazungumzo ya kawaida, ingekula sh. 80,000 kwa wakala mmoja na sh. 300,000 kwa timu. Tofauti ya sh. 220,000 lazima irudi kwa namna fulani, ama kwa kazi kwisha mapema au kwa kazi kuwa bora zaidi. Isiporudi, ni hasara.

Kampuni hiyo ilisema timu ilifanya vizuri zaidi kuliko wakala mmoja katika kazi za utafiti, ambako kila mmoja anaweza kutafuta habari upande wake. Hata hivyo, ilisema pia kwamba kazi nyingi za kuandika programu hazina sehemu nyingi zinazoweza kufanywa kwa pamoja bila kutegemeana.

Watafiti wa Google na wenzao walifikia jambo linalofanana na hilo katika utafiti uliotolewa Desemba 2025, baada ya kupima mipangilio 180 ya mawakala. Katika kazi ya uchambuzi wa fedha iliyogawanyika vizuri, timu yenye msimamizi ilizidi wakala mmoja kwa takriban asilimia 81. Katika kazi za hatua kwa hatua, ambapo hatua ya pili husubiri ya kwanza, kila aina ya timu ilishuka kwa asilimia 39 hadi 70.

Sababu yake si ngeni. Mwaka 1975 Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kubwa katika kampuni ya IBM, aliandika kwamba kuongeza watu kwenye kazi iliyochelewa huichelewesha zaidi, kwa kuwa muda mwingi huishia katika kuelewana. Watu 3 wana njia 3 za mawasiliano kati yao. Watu 6 wana njia 15, na watu 16 wana njia 120. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hawahitaji kitabu kulijua hilo. Mtumbwi wenye wavu mmoja ukishapata watu wa kutosha kuuvuta, anayeongezwa huongeza mgawo wa malipo tu. Anayetaka samaki zaidi huongeza mtumbwi mwingine, wenye wavu wake na taa zake.

TIMU YA 16 ILIPOKWAMA

Mfano mkubwa ulitangazwa Februari 2026. Mtafiti wa Anthropic, Nicholas Carlini, aliwapa mawakala 16 kazi ya kuandika kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya waandishi wa programu kuwa maagizo ya mashine. Kwa takriban wiki mbili walitoa mistari ipatayo 100,000, kwa gharama inayokaribia dola 20,000. Dola moja ikihesabiwa kwa sh. 2,500, hizo ni sh. milioni 50.

Kilichowafaa ni kwamba kulikuwa na majaribio mengi madogo yanayojitegemea. Kila wakala alichukua kosa lake na kulishughulikia. Lakini ilipofika hatua ya kujaribu kompaila hiyo kwa mfumo wa Linux, ambao ni kazi moja kubwa, wote 16 walikutana na kosa lile lile, wakalirekebisha kwa pamoja na kufutiana kazi. Kuwa na 16 hakukuleta nafuu yoyote.

Dawa haikuwa kuongeza mawakala. Mtafiti alitumia kompaila nyingine inayoaminika kama kipimo, ili sehemu moja moja ya Linux ijaribiwe peke yake. Kazi ilipogawanyika, mawakala wakarudi kuwa na faida. Fundisho kwa mwekezaji ni kwamba idadi ya mawakala haifuati ukubwa wa kazi. Hufuata idadi ya sehemu zinazoweza kupimwa kila moja peke yake.

MPIMAJI ASIWE MNUNUZI

Kuhusu mgawanyo wa majukumu, Kanda ya Ziwa ina somo lake la zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma, kwa kutoridhika na mizani ya wanunuzi, waliweka wapimaji wao kwenye vituo vya kununulia. Harakati hizo zilikua hadi kuzaliwa kwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria Federation mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Wakulima hawakuhitaji wanunuzi wengi zaidi. Walihitaji mtu wa pili kwenye mzani, asiyefaidika na uzito kupunjwa.

Ndivyo ilivyo kwa mawakala. Aliyeandika programu akiambiwa aikague mwenyewe, huweza kurudia dhana ile ile iliyompotosha. Kwa hiyo nafasi ya pili yenye thamani ni ya mkaguzi: wakala anayeanza upya bila kusoma mazungumzo ya mjenzi, na asiye na ruhusa ya kubadili msimbo. Kazi yake ni kujaribu na kutoa ripoti.

Mfanyabiashara mwenye duka la jumla anaweza kumtengenezea mzani wake bila kujua kompyuta. Achukue daftari lake la siku 20 zilizopita ambazo hesabu zake zilifungwa sawasawa. Siku 10 ampe mjenzi. Siku 10 nyingine azifiche, ampe mkaguzi peke yake. Programu ikitoa salio la stoo, fedha na madeni linalolingana na daftari kwa siku zote 20, kazi inapokelewa. Ikitofautiana hata kwa mfuko mmoja wa saruji, inarudishwa.

Mawakala wa tatu na wa nne wanastahili kufikiriwa pale tu kazi ina vipande vinavyojitegemea kweli, kwa mfano ukurasa wa mauzo, ripoti ya mwezi na ujumbe wa kukumbusha wadaiwa, kila kimoja kikiwa na jaribio lake. Hapo ndipo msimamizi wa kugawa kazi naye huhitajika. Kabla ya hapo msimamizi hana wa kumsimamia.

JUKUMU LISILOKODISHWA

Nafasi moja haimfai wakala yeyote, nayo ni ya mwenye mali. Yeye ndiye anayeandika anachotaka, anayeweka kikomo cha fedha na anayekubali au kukataa. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, humbana anayekusanya na kutumia taarifa za watu. Kwa hiyo majina na namba za simu za wadaiwa ziondolewe katika daftari la majaribio na kuwekwa za kubuni.

Kwa biashara nyingi za kiwango cha Mkolani, basi, hesabu ya kuanzia ni mjenzi mmoja, mkaguzi mmoja na mwenye duka. Mwekezaji anayeletewa mpango wa mawakala 10 aulize kwanza kazi ina vipande vingapi, na kila kipande kinapimwa kwa mzani gani. Asipopata jibu la swali la pili, fedha yake ibaki dukani.